Kifaru Kidogo na Ng'ombe wa Chuma: Juu ya Usahihi wa Mifano

Katika nchi ya Karagwe, huko Bweranyange, palikuwa na nyumba ambamo vilihifadhiwa vitu vya enzi vya wafalme. Henry Stanley alipokuwa mgeni wa Omukama Rumanyika katika mwaka wa 1876 alionyeshwa hazina hiyo, na miongoni mwa vitu alivyovitaja ni sanamu za bata wa shaba na za ng'ombe wa shaba wasiokuwa na vichwa. Katika urithi huohuo wamo pia ng'ombe wa chuma, wadogo, waliofuliwa na wahunzi hodari, na mapokeo ya Karagwe yahusisha kazi hizo na enzi ya Ndagara, babaye Rumanyika. Mwili wa ng'ombe hao wa chuma ni mwembamba kama ufito, na miguu yao ni vijiti tu. Lakini pembe zao zimenyanyuka na kupinda, ndefu kupita kiasi, hata macho ya mtazamaji hayaoni kingine kwanza ila pembe.

Je, ng'ombe huyo ni sahihi? Mtu mwenye rula atasema kwamba si sahihi, kwa maana mwili hauwiani na pembe wala miguu na mwili. Mchungaji wa Karagwe atasema kwamba ni sahihi kabisa, kwa maana amemtambua mara moja: ni ng'ombe wa nchi za maziwa, ambaye thamani yake na fahari ya mwenyewe huonekana pembeni. Watu hawa wawili hawabishani juu ya kitu kimoja. Kila mmoja ana swali lake, na kila mmoja amepata jibu lililo haki kwa swali hilo.

Swali hilo la kale limerudi tena katika zama zetu kwa sura nyingine. Vifaru vilivyopigana katika vita vya Kagera vya mwaka wa 1978 na 1979 sasa huuzwa madukani katika maboksi, vikiwa vipande vya plastiki vya kuunganishwa kwa gundi. Wapenzi wa kazi hiyo, walio wengi katika Ulaya, Marekani na Japani, huhukumu kila mfano kwa ukali: mnara umeviringwa sawasawa au la, magurudumu yamekaa mahali pake au la, na milimita ngapi zimezidi au zimepungua. Hukumu zao si za kudharauliwa, kwa kuwa zina elimu nyingi ndani yake. Lakini mwanafunzi wa historia, hasa wa nchi ambayo vifaru hivyo vilipita, hana budi kuuliza hukumu hizo zafika wapi, na zakomea wapi.

Yafaa kwanza kukumbuka vita vyenyewe na mahali pake. Mto Kagera hupanda kaskazini ukitenganisha Karagwe na Rwanda, kisha hugeuka kuelekea mashariki. Hapo kwenye pindo lake ndipo ilipo Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hata ilipofanywa wilaya peke yake katika mwaka wa 2012. Huko Murongo mtu husimama kando ya mto akaitazama Kikagati ya Uganda ng'ambo ya pili. Mto wenyewe ndio mpaka. Lakini kuelekea mashariki zaidi mpaka huuacha mto na kufuata mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta, mstari ambao asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1890. Mto nao huingia ndani ya Tanzania, hupita Kyaka, kisha hupanda tena kwenda ziwani. Kwa sababu hiyo pana kipande cha nchi, cha kilomita za mraba zipatazo 1,800, ambacho ni cha Tanzania lakini kiko kaskazini ya mto. Mpaka wake ni mstari juu ya nchi kavu, usio na maji wala mlima wa kumzuia mtu.

Hapo ndipo majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ameitwaa nchi yote hata mtoni, na siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Yakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa, na wengine kama 40,000 wakakimbilia kusini ya mto. Nyumba na viwanda viliporwa, na makundi ya ng'ombe yakaswagwa kupelekwa Uganda. Katika mwezi uleule wa Novemba Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilivuka kwa daraja la vipande vya chuma la aina ya Bailey na kuirudisha ardhi ile. Mutukula ilitwaliwa katika Januari 1979, Masaka na Mbarara katika Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera katika mwaka huohuo wa 1979.

Katika vita hivyo vifaru vilikuwa pande zote mbili. Uganda ilikuwa na T-54 na T-55 zilizoundwa Urusi, pamoja na Sherman za Kimarekani zilizotoka Israel. Walibya waliokuja kumsaidia Amin nao walileta T-55. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina: aina ya 59, na aina ya 62 iliyo nyepesi. Kwa hiyo katika Uganda ya kusini walikutana ndugu wa nasaba moja, maana aina ya 59 ya Kichina ilitokana na T-54A ya Kirusi. Jambo hili ndilo lifanyalo uhakiki wa mifano ya vita hivi kuwa mgumu, na ndilo liufanyalo kuwa na faida.

Uhakiki wa kwanza ni wa vipimo. Mifano mingi ya vifaru hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 35. Namba hii ya ajabu haikuletwa na mhandisi wala mwanahistoria. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa mfano wa kifaru cha Kijerumani, Panther, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake uliamuliwa na nafasi iliyotakiwa kwa mota na betri. Baadaye ulipopimwa ulionekana kuwa karibu sehemu moja ya thelathini na tano, na kipimo hicho kikashika. Basi hata msingi wa usahihi huu una historia yake, nayo ni historia ya betri.

T-55 ina upana wa meta 3.27; katika mfano hiyo ni milimita 93. Urefu wake pamoja na mzinga, meta 9, ni milimita 257. Gurudumu la sentimita 81 ni milimita 23. Mzinga wa milimita 100 una tundu lisilofika milimita 3, na mtu wa kimo cha meta 1.70 hawi hata milimita 49. Haya yote mtengenezaji aweza kuyatimiza, naye akikosea, rula itamfichua. Walakini kuna mahali ambapo hata rula humwacha. Madigadi ya kifaru ni ya bati. Bati la milimita 3 likigawanywa kwa 35 halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na plastiki haimiminiki kwa wembamba huo. Kwa hiyo madigadi ya mfano ni manene mara nyingi kuliko ipasavyo, na ukingo wake unapoonekana, jicho humwambia mtazamaji kwamba hiki si chuma. Wajuzi huyang'oa wakaweka ya karatasi ya shaba. Chuma cha mbele cha mnara, chenye unene wa karibu milimita 200, kingepaswa kuwa karibu milimita 6 katika mfano. Lakini mnara wa plastiki ni gamba tupu, na kosa hilo halimuudhi mtu kwa kuwa halionekani. Hivyo yadhihirika tangu mwanzo kwamba usahihi wa vipimo ni usahihi wa ngozi.

Uhakiki wa pili ni wa nasaba: kifaru hiki ni kipi hasa? Hapa mhakiki wa mifano na mhakiki wa hati za kale hufanya kazi moja. T-54, T-55 na aina ya 59 zote zina magurudumu matano kila ubavu, na nafasi kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni pana kuliko nyingine zote. Alama hiyo yatosha kuzitenga na T-62 ya Kirusi, ambayo nafasi zake pana ziko nyuma, lakini haitoshi kuzitenga zenyewe kwa zenyewe. Kwa hilo lazima kutazama juu ya mnara. T-54 ina kifuniko kidogo cha mviringo kama uyoga, kilicho juu ya feni ya kutolea moshi wa baruti. Aina ya 59 imekirithi. T-55, iliyoanza kuundwa katika mwaka wa 1958, haina. Injini ya T-54 ni ya nguvu za farasi 520, ya T-55 ni 580. Lakini injini haionekani, uyoga waonekana. Hivyo kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mahindi chaweza kuwa ndicho kinachoamua kama mbele yetu kuna kifaru cha Kirusi kilichoboreshwa au cha Kichina kilichovuka Kyaka.

Kampuni hiyohiyo ya Tamiya imetoa mfano wa T-55A. Herufi hiyo moja ina uzito. T-55A, iliyofuata T-55 ya kwanza, iliondolewa bunduki ya rashasha iliyofyatuliwa na dereva kupitia tundu dogo katikati ya bamba la mbele, ikaongezwa bitana la kuzuia mnururisho, hata mifuniko ya milango ya juu ikanenepa. Mtu atakaye kuunda T-55 ya kwanza kutokana na mfano huo hana budi kutoboa tundu la karibu milimita moja mbele, na kupunguza mifuniko. Asipofanya hivyo, mfano wake utakuwa sahihi kwa kifaru kingine. Kosa la namna hii ni baya kuliko kosa la milimita, kwa sababu rula haiwezi kulifichua: kila kipimo ni sawa, ila jina ndilo la uongo.

Namba nazo zina mtego wao. Kifaru chepesi cha Kichina huitwa 62, na kifaru kizito cha Kirusi kilichofuata T-55 huitwa T-62. Cha kwanza kina uzito wa tani 21 hivi na mzinga wa milimita 85. Cha pili chakaribia kuwa kizito mara mbili, na mzinga wake ni wa milimita 115. Cha Tanzania kilikuwa kile chepesi. Msomaji akutanaye na namba 62 katika habari za vita hivi, akaenda dukani kununua T-62, atarudi na kifaru cha Kirusi alichokidhania kuwa cha Jeshi la Wananchi, na watoto watakaokitazama kabatini watajifunza kwa macho jambo lisilokuwako. Asiyejua maana haambiwi maana, walakini mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kubaki katika hali hiyo. Kazi yake ni kuuliza namba imetoka wapi, kwa mwandishi gani, na kwa lugha gani, kabla ya kuichukua.

Uhakiki wa tatu ndio wenye shida kubwa, nao ni wa kazi: je, mfano huu waonyesha kile ambacho kifaru kilifanya katika nchi ile? Hapa hesabu yenyewe ndiyo itoayo jibu. Urefu ukigawanywa kwa 35, eneo hugawanywa kwa 1,225, na ujazo kwa 42,875. T-55 ina uzito wa tani 36. Mfano uliokamilika kwa kila hali, uliojazwa chuma, baruti na watu wanne kwa uwiano, ungekuwa na gramu 840. Ule wa plastiki ni mwepesi kuliko hivyo. Lakini hata tukiujazia risasi ukatimiza gramu zake, bado ungedanganya. Kifaru halisi huikandamiza ardhi kwa kilo 0.81 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mfano wenye uzito wa haki, ukisimama juu ya minyororo yenye upana wa haki, ungeikandamiza ardhi mara 35 pungufu. Hauwezi kuzama katika tope. Si kwa sababu fundi amekosa ustadi, bali kwa sababu hakuna ustadi wa kulipunguza umbo bila kuupunguza uzito kupita umbo.

Na historia ya vifaru katika nchi hizi ni historia ya uzito. Kifaru cha namna hii, bila maandalizi, hakivuki maji ya kina kinachozidi meta 1.4. Ndiyo maana kule Kyerwa, ambako mto ni mpaka, maji yalikuwa ngome, na kule mashariki, ambako mpaka ni mstari wa ramani, njia ilikuwa wazi. Ndiyo maana daraja la Kyaka lilikuwa na thamani kubwa hivyo, kwa aliyelivunja na kwa aliyelitaka tena. Ndiyo maana huko Lukaya, katika Machi 1979, ambako barabara ya Kampala hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi, vifaru vilifungwa na njia nyembamba, na askari wa miguu waliokuwa tayari kuingia katika maji na matope ndio waliozunguka ubavuni. Mtu aliyeukinga mfano mkononi, akaona unavyoteleza mezani, hataelewa hata moja la mambo haya. Pengine ataelewa kinyume chake: kwamba kifaru huenda kokote.

Yapo pia yale ambayo hayamo katika boksi kabisa. Mfano wa kifaru hukamilika wenyewe. Waweza kuwekewa tope la rangi, kutu ya rangi na moshi wa rangi, lakini hauna mwanakijiji aliyeuacha mgomba wake na mtoto mgongoni, wala mwenye mifugo aliyesikia ng'ombe wake wakiswagwa usiku. Haitakiwi kumlaumu mtengenezaji wa Japani kwa hilo, kwa kuwa hakuahidi. Aliahidi umbo la chombo, na mara nyingi ametimiza ahadi yake kwa uaminifu wa kusifiwa. Kosa huanza pale mfano uliofaulu mtihani wa kwanza unapopewa cheti cha mitihani yote mitatu, na neno "sahihi" likapita kutoka kwenye milimita hata kwenye vita vyenyewe bila mtu kulisimamisha njiani.

Sasa na turudi Bweranyange. Mhunzi aliyefua ng'ombe wa chuma hakukosa macho. Aliwaona ng'ombe kila siku ya maisha yake. Kama angetakiwa kutengeneza kwa kipimo cha 1 kwa 35, pembe ya meta moja ingetoka na urefu usiotimia milimita 29, na mtazamaji angeona mnyama mdogo mwenye pembe za kawaida. Ukubwa ulioshangaza machungani ungepotea, kama vile uzito wa kifaru upoteavyo mezani. Mhunzi alilijua hilo bila hesabu ya mraba na ujazo. Kwa hiyo aliuacha mwili, akaitia nguvu yote katika pembe, ili kitu kidogo kilete mshangao uleule uliokuwamo katika kitu kikubwa. Alivunja kipimo kwa makusudi, akailinda kazi. Mwunda kifaru amekilinda kipimo, na kazi imemponyoka.

Haisemwi hapa kwamba njia ya mhunzi ni bora kuliko ya mwenye rula. Ng'ombe wa chuma hawezi kumwambia mtafiti kimo cha ng'ombe wa karne ya 19, wala unene wa shingo yake; kwa maswali hayo yeye ni shahidi mbaya, na mtafiti atakuwa amefanya vema kutafuta mifupa. Mfano wa T-55 nao ni shahidi mwema kwa maswali ya umbo, na mtu aliyeuunganisha kwa mikono yake atavitambua vifaru katika picha za mwaka wa 1979 upesi kuliko aliyesoma tu. Yule ambaye amewahi kutafuta uyoga wa feni juu ya mnara hatasahau tena tofauti ya T-54 na T-55. Elimu hiyo si haba, maana picha nyingi za vita hutembea bila tarehe wala mahali, na jicho lililofundishwa laweza kukataa picha iliyobandikwa jina lisilo lake.

Linalotakiwa, basi, ni kwamba kila mfano uulizwe maswali matatu kwa zamu, na kila jibu liandikwe peke yake: vipimo vyake ni vya haki? jina lake ni la haki? na kazi ya kitu chenyewe yaonekana, au imepotea katika kupunguzwa? Shule ya Karagwe au ya Kyerwa ikiwa na kifaru cha plastiki juu ya kabati, na pembeni yake pawe na ramani ya mto, kuanzia Murongo hata Kyaka, yenye kuonyesha mahali ambapo mpaka ni maji na mahali ambapo ni mstari. Paandikwe kwamba kitu hiki kilikuwa na tani 36. Na wazee walioyaona majeshi yakipita katika mkoa ule waitwe wasimulie wangali wako, kwa maana wale waliokuwa vijana wa miaka 20 katika mwaka wa 1978 wamekwisha kuvuka 65. Habari zao hazitoki katika boksi, na hazina kiwanda cha kuzitengeneza upya.